Kiwango cha kulazwa kwa RSV kwa kila rika: wazee wanatoka sifuri, nimekosea wapi?

Mratibu_Uyole:

Wakuu, salaam. Nina takwimu za wiki 52 za wagonjwa waliolazwa kwa maambukizi makali ya njia ya hewa (SARI) kwenye hospitali moja ya ufuatiliaji huku Mbeya. Sehemu yao walichukuliwa sampuli ya pua na koo, ikapimwa kwa PCR (kipimo cha maabara kinachotafuta jeni za virusi). Natakiwa kutoa kiwango cha kulazwa kwa RSV (aina ya virusi vya njia ya hewa) kwa kila watu 100,000, rika kwa rika.

Namba ninazoweka hapa nimezitunga kwa ajili ya mjadala, msizinukuu popote. Mpangilio ni: umri | waliolazwa | waliopimwa | wenye RSV | watu wa eneo la huduma.

Chini ya miezi 6 | 180 | 120 | 42 | 6,000
Miezi 6–11 | 110 | 66 | 12 | 6,000
Mwaka 1–4 | 210 | 105 | 14 | 44,000
Miaka 5–14 | 60 | 20 | 1 | 100,000
Miaka 15–49 | 150 | 40 | 1 | 200,000
Miaka 50–64 | 60 | 12 | 0 | 28,000
Miaka 65+ | 70 | 10 | 0 | 16,000

Nimechukua wenye RSV nikagawa kwa idadi ya watu. Chini ya miezi 6 inatoka 700, miezi 6–11 inatoka 200, mwaka 1–4 ni 32, halafu inaporomoka: miaka 15–49 ni nusu mtu, na kuanzia 50 ni sifuri kavu. Ofisini wanataka niandike kwamba RSV ni ugonjwa wa watoto basi. Nasita.

La pili ni asili ya hesabu, yaani namba ya chini ya mstari, ya kugawia. Jiji peke yake sensa ya 2022 inasema 541,603, mkoa mzima 2,343,754. Wagonjwa wanatoka mpaka Chunya na Kyela. Nigawe kwa ipi?

---

Kiasi_na_Asili:

Mkuu, kusita kwako ni sahihi. Hiyo sifuri ya wazee ni sifuri kati ya watu kumi waliopimwa. Kwa sampuli kumi zote hasi, wigo wa uhakika wa asilimia 95 (mipaka ambamo asilimia ya kweli huenda imo) unaanza 0 na kuishia karibu asilimia 31. Yaani takwimu zako haziwezi kukanusha kwamba wazee 21 kati ya wale 70 waliolazwa walikuwa na RSV. Wazee 21 kwa watu 16,000 ni kama 130 kwa 100,000, mara mbili ya kiwango utakachopata kwa watoto wa mwaka 1–4. Ukiandika "0" kwenye ripoti, msomaji anaelewa ulitafuta ukakosa. Andika "0 kati ya 10" na wigo wake pembeni.

Sasa hesabu yenyewe. Kosa la kwanza ni kwamba umewahesabu waliopimwa kana kwamba ndio wote. Kwa kila rika chukua asilimia ya waliokutwa na virusi kati ya waliopimwa, izidishe kwa wote waliolazwa wa rika hilo. Chini ya miezi 6: 42 kwa 120 ni asilimia 35, mara 180 ni wagonjwa 63, wala si 42. Kiwango kinapanda kutoka 700 hadi 1,050. Miezi 6–11 inakuwa 20 badala ya 12 (kiwango 333), mwaka 1–4 inakuwa 28 badala ya 14 (kiwango 64). Ona jinsi pengo linavyotofautiana: wachanga ulipima theluthi mbili, wazee ulipima mmoja kati ya saba. Kwa hiyo ulinganisho wa rika kwa rika ulikuwa umepinda hata kabla hujagusa idadi ya watu.

Kosa la pili limejificha zaidi. Asilimia ya mwaka mzima ni sahihi tu kama upimaji ulikwenda sambamba na kulazwa mwezi kwa mwezi. Vituo vingi huwa na idadi maalumu ya sampuli kwa wiki. Msimu ukipamba moto wodi inajaa, sampuli zinabaki zile zile. Tuseme wale wachanga 180 waligawanyika hivi:

Miezi 3 ya kilele: waliolazwa 100, waliopimwa 40, wenye RSV 26.
Miezi 9 mingine: waliolazwa 80, waliopimwa 80, wenye RSV 16.

Jumla ni zile zile 180, 120 na 42. Lakini ukikokotoa kila kipande peke yake, kilele kinatoa asilimia 65 ya 100, yaani 65, na miezi mingine inatoa 16. Jumla 81, siyo 63. Wagonjwa 18 walikuwa wamezama kwenye wastani. Kwa rika zenye sampuli za kutosha fanya hivi kwa mwezi. Kwa rika zenye sampuli kiduchu, vipande viwili (kilele na nje ya kilele) vinatosha, la sivyo utajikuta unakokotoa asilimia ya watu wawili.

Na usianze mwaka wako Januari kwa mazoea. Chora kwanza idadi ya wenye virusi kwa wiki, uone bonde liko wapi, mwaka wa ufuatiliaji uanzie hapo. Ukiukata mlipuko katikati, msimu mmoja utaonekana miwili midogo. Pia usikisie kwamba kilele ni Juni hadi Agosti kwa kuwa ndiko kwenye baridi ya Uyole. Sehemu nyingi za tropiki RSV hufuata mvua, na ndani ya mkoa mmoja una Kyela yenye joto la ziwani, Rungwe isiyokauka na Chunya kavu. Acha takwimu ziseme zenyewe.

Asili: jibu ni kwamba usitumie lolote kati ya hayo mawili kama lilivyo. Fungua kitabu cha MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya) namba 14, cha wagonjwa waliolazwa, orodhesha waliolazwa kwa kata au angalau halmashauri, kisha chagua halmashauri zinazotoa wagonjwa wako wengi, tuseme asilimia 80. Hizo ndizo eneo lako la huduma. Wanaotoka nje ya hapo waondoe kwenye kiasi (namba ya juu ya mstari) vilevile. Watu husahau hili: wanaacha watu wa Kyela juu ya mstari, chini ya mstari wanaweka Jiji peke yake.

Halafu pata mgao wa hospitali yako. Katika wote wa eneo lile waliolazwa kwa nimonia na kikohozi kikali, wangapi walikuja kwako na wangapi walikwenda kwingine? Njia rahisi ni kuzunguka hospitali na vituo vya afya vinavyolaza katika eneo hilo, kusoma vitabu namba 14 vya miezi 12 ile ile, kuhesabu kwa rika zile zile. Aliyelazwa hospitali ya wilaya Jumatatu akapewa rufaa Jumatano mhesabu mara moja. Kama mgao wa wachanga ni asilimia 70, wale 81 wanakuwa 116. Kama wa wazee ni asilimia 40, ukomo wa juu wa wazee 21 na ushee unakuwa 54, sawa na kama 340 kwa 100,000. Mgao mmoja kwa rika zote ni uvivu, na unaumiza wazee kuliko wengine.

---

Benchi_ya_PCR:

Naongezea upande wa maabara, maana asilimia ya waliokutwa na virusi inaweza kuwa imeharibika kabla haijafika kwenye jedwali.

Ombeni matokeo ya kipimo cha jeni ya binadamu (RNase P) kwa kila sampuli. Kama hiyo haikusoma, kijiti hakikugusa seli za mgonjwa au kuna kitu kimezuia kipimo. Sampuli hiyo haifai, na inatoka kwenye waliopimwa kabisa. Nimonia ya mzee ambaye kijiti kiliishia mlangoni mwa pua ikiandikwa "hasi" inapunguza asilimia yenu bila haki. Vijiti viwe vya nailoni au poliesta. Vya pamba vyenye mti wa mbao vinazuia PCR.

Baridi: kwenye kimiminika cha kusafirishia, nyuzi 2 hadi 8 kwa saa zisizozidi 72. Zaidi ya hapo iwe nyuzi 70 chini ya sifuri. Kugandisha kwenye friza ya kawaida kisha kuyeyusha ndiko kunakoua virusi vya RSV. Gamba lake ni laini. Sampuli ya Ijumaa jioni kutoka Makete ikisubiri gari la Jumanne, saa 72 zimeshapita. Linganisheni asilimia ya chanya kwa siku ya kuchukuliwa. Ijumaa ikiwa chini kuliko siku nyingine zote, mnajua tatizo liko barabarani.

Wiki ambazo vitendanishi viliisha zisiwe sifuri. Ziacheni wazi. Kama wagonjwa waliendelea kulazwa, tumieni asilimia ya wiki za jirani katika msimu ule ule na muandike wazi kwamba wiki kadhaa zimejazwa kwa makadirio.

Na kama sehemu ya matokeo ni ya kipimo cha haraka cha antijeni, msiyachanganye na ya PCR. Kwa mtoto mchanga, mwenye virusi tele puani, kipimo cha haraka kinajitahidi. Kwa mtu mzima, ambaye hutoa virusi vichache na mara nyingi huja siku ya sita au ya saba, kinakosa wengi mno. Hapo tena rika mbili mnazipima kwa mizani mbili.

---

Wodi_Mafinga:

Kamwene. Mmezungumza hesabu vizuri, ila hakuna aliyeuliza ni nani anaingia kwenye hilo daftari la SARI.

Tafsiri ya SARI iliyozoeleka inataka homa: historia ya homa au joto la nyuzi 38 na zaidi, pamoja na kikohozi, dalili zilizoanza ndani ya siku 10, na kulazwa. Tafsiri hii ilitungwa kwa ajili ya influenza. Kwa RSV inavuja kwenye ncha zote mbili za umri. Mtoto wa wiki tano mwenye RSV anaweza kuja bila homa kabisa: hanyonyi, mbavu zinaingia ndani, au amesimama kupumua kwa sekunde kadhaa. Kwenye kadi anaandikwa "maambukizi ya mtoto mchanga" na hafikiwi na kijiti. Ndiyo maana ufuatiliaji wa RSV unatumia tafsiri pana: kikohozi au kupumua kwa shida, homa si sharti, na kwa chini ya miezi 6 unaongeza kusimama kupumua na dalili za maambukizi ya damu.

Mzee naye homa yake haipandi. Anakuja amechanganyikiwa, kifua kinabana, anaandikwa moyo kushindwa, au pumu, au "presha". Chukueni siku moja mpitie waliolazwa wa miaka 60 na zaidi kwa jina la moyo na mapafu ya kudumu, mhesabu wangapi walikuwa na kikohozi kipya cha chini ya siku 10. Hao ndio mliowapoteza.

Rika za kati zina shida ya kinyume, wanaingia wasiohusika. Utafiti wa taifa wa 2016–17 uliikuta Njombe na maambukizi ya VVU ya asilimia 11.4, Iringa 11.3, Mbeya 9.3 kwa wenye miaka 15 na zaidi. Kwa hiyo mtu wa miaka 35 mwenye homa na kikohozi kwenye wodi zetu anaweza kuwa na kifua kikuu cha wiki tatu ambacho kimeandikwa "siku 7" kwa kuwa hakuna aliyemwuliza mara ya pili. Hii inaongeza waliolazwa na kushusha asilimia ya chanya. Mkizidisha kwa rika nzima hesabu inaweza kujirekebisha yenyewe, lakini tu kama waliopimwa waliteuliwa bila upendeleo. Kama daktari anachagua kupima "anayefanana na mafua", hesabu yote ya watu wazima ni ya kutupa. Njia nyepesi: pimeni wote wanaolazwa Jumatatu na Alhamisi, au kila wa tatu kwenye daftari, bila kuangalia sura.

Jambo la umri wenyewe. Fomu za MTUHA za wagonjwa wa nje zina makundi ya chini ya mwezi 1, mwezi 1 hadi chini ya mwaka, mwaka 1 hadi chini ya 5, miaka 5 hadi chini ya 60, na 60 na zaidi. Kundi la miaka 5 hadi 59 halina maana kwa virusi hivi, na mzee wetu anaanzia 60 wakati jedwali lako linaanzia 65. Rudini kwenye daftari lenyewe mchukue tarehe ya kuzaliwa. Kwa wachanga gawanyeni zaidi: miezi 0–2, 3–5, 6–11. Kinga anayoipata mtoto kutoka kwa mama aliyechanjwa RSV akiwa mjamzito inahusu hasa miezi 6 ya mwanzo, kwa hiyo mwenye kupanga chanjo atawauliza hasa hiyo miezi.

---

Mratibu_Uyole:

Asanteni sana. Dada wa Mafinga umenifungua macho, nikikukosea kukuita dada samahani.

Maswali mawili ya haraka. Idadi ya watu ni ya 2022, takwimu zangu ni za baadaye. Nikuze kwa asilimia 3.2 ya taifa? Na vifo nivipate vipi, maana waliofia wodini ni wachache mno?

---

Kiasi_na_Asili:

Asilimia 3.2 ni wastani wa nchi nzima kati ya 2012 na 2022. Nyanda za juu hazikui sawasawa. Njombe ilikuwa 702,097 mwaka 2012 ikawa 889,946 mwaka 2022, ambayo ni kama asilimia 2.4 kwa mwaka. Kokotoa ya halmashauri yako kwa sensa mbili. Ila chunga mtego wa Mbeya: mwaka 2012 mkoa ulihesabiwa watu 2,707,410 ukiwa bado na Mbozi, Momba na Ileje. Mwaka 2016 Songwe ikakatwa. Ukilinganisha namba hiyo na 2,343,754 ya 2022 utaona mkoa umepungua watu, na wapo watakaokuandikia sababu za uhamaji. Pangilia halmashauri kwa halmashauri.

Kwa wenye umri mkubwa tazama pia jinsi miaka inavyorundikana kwenye 60, 65, 70. Watu hutaja umri unaoishia na 0 au 5. Mpaka wa kundi ukiwa 65, rundo zima la "miaka 65" linaangukia upande mmoja, sensa na wodini pia, lakini si kwa kiasi kile kile.

Wigo wa uhakika usiutafute kwa fomula moja, maana una hatua tatu zinazozidishana. Kwenye Excel, kwa kila rika tengeneza mistari 1,000. Asilimia ya chanya: =BETA.INV(RAND(),chanya+0.5,hasi+0.5). Mgao wa hospitali vivyo hivyo, kwa waliolazwa kwako na waliolazwa kwingine. Zidisha asilimia ya kwanza kwa waliolazwa, gawa kwa mgao, gawa kwa watu. Kisha PERCENTILE ya 0.025 na ya 0.975. Kwa kilele na nje ya kilele fanya kila kipande peke yake ndani ya mstari ule ule, ndipo ujumlishe.

---

Wodi_Mafinga:

Dada ni sahihi, usijali.

Vifo: usigawe vifo vya wodini kwa idadi ya watu ukaita hicho ndicho kiwango cha vifo. Makadirio ya dunia ya mwaka 2019 kwa walio chini ya miaka 5 yaliweka vifo vya RSV vya hospitalini kuwa 26,300, na vyote kwa ujumla, pamoja na vya nyumbani, kuwa 101,400. Yaani takriban vitatu kati ya vinne vilitokea nje ya hospitali, na vingi mno ni katika nchi kama yetu. Kwa kituo kimoja andika idadi ya waliofia wodini kati ya wenye RSV, ishia hapo. Ukitaka vya kijijini unahitaji wahudumu wa afya ngazi ya jamii na dodoso la sababu ya kifo kwa maelezo ya ndugu. Na dodoso hilo litakuambia "nimonia", halitakuambia ni virusi gani.

---

Mratibu_Uyole:

Nimerudia mstari wa wachanga wa mfano: 65 + 16 = 81, gawa kwa 0.7 ni 116, gawa kwa 6,000 ni kama 1,930 kwa 100,000. Kwa hiyo naandika "karibu watoto wawili kati ya kila mia hulazwa kwa RSV kabla ya kutimiza miezi sita". Sawa?

---

Kiasi_na_Asili:

Namba sawa, sentensi siyo. Ile 6,000 ni watoto wa chini ya miezi 6 waliopo siku yoyote ukiwahesabu. Kwa mwaka mzima kundi hilo linapitiwa na watoto kama 12,000, kila mmoja akikaa humo nusu mwaka. Kwa hiyo 1,930 ni kwa kila miaka-mtu 100,000. Ukitaka kusema uwezekano wa mtoto mmoja kulazwa kabla ya miezi sita, gawa 116 kwa 12,000: karibu mmoja kati ya mia. Kosa hili haliwezi kutokea kwa kundi la 15–49, ndiyo maana wengi hawalioni wanapofika kwa wachanga. Tena hiyo 12,000 itoe kwenye vizazi hai vya halmashauri, usiitoe kwenye safu ya "umri 0" ya sensa, maana wachanga husahaulika sana kuhesabiwa.